Mshambuliaji wa kuhama-hama: safari ya Shabani Nonda na vijana wetu wa uwanjani

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwalimu mmoja wa mpira wa vijana mbele ya familia zilizohama, wenyeji na wakubwa wa mitaa, kandokando ya Ziwa Tanganyika, Kivu ya Kusini. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, tukiyafupisha kidogo.)



Nimeombwa kuzungumza juu ya mpira na amani. Mara nyingi habari hii ikitajwa, watu wanataja majina makubwa: Weah, Eto'o, Drogba. Hao ni nyota, nami sina neno baya juu yao. Lakini wanaokula ugali kwa mpira wengi si nyota. Ni watu wa kuhama-hama. Leo timu hii, mwakani ile, mwaka mwingine nchi nyingine kabisa, na kila wanapofika wanaanza upya kama mtu aliyeteremka kwenye mtumbwi usiku. Leo nataka kuzungumza juu ya mmoja wao, mshambuliaji, tena mtu wetu.

Sababu yangu ni hii. Tangu tulipoanza mazoezi na vijana wa kambini pamoja na wa mtaani, mama wengi wamenijia na ulizo lile lile: «Mwalimu, mtu amekuja, amemwona kijana wangu akicheza, anasema atampeleka Ulaya. Anataka feza za karatasi. Nimpe?» Jibu langu litafika, msihangaike. Kwanza tufahamu kazi yenyewe ni ya namna gani, maana mtu hawezi kununua ng'ombe ambaye hajamwona.

Shabani Nonda alizaliwa Bujumbura mwaka 1977. Mnaijua Bujumbura. Ukitoka Uvira ukavuka mpaka, hata jua halijapanda sana umekwisha kufika, na ukiingia Buyenzi unasikia Kiswahili kama hapa. Alizaliwa Burundi, lakini timu ya taifa aliyoichezea ni ya Kongo. Mwaka 2002 alikuwa pamoja nayo kwenye Kombe la Afrika kule Mali, timu ikafika robo fainali. Wazee mnakumbuka nchi yetu ilikuwaje mwaka ule. Ilikuwa imekatwa vipande, huku wakubwa wengine, kule wakubwa wengine, na ulizo la nani ni Mkongomani na nani si Mkongomani lilikuwa linaua watu. Lakini siku za mpira, mtu aliyezaliwa ng'ambo ya Ruzizi alivaa jezi ya Kongo na watu wa pande zote wakamshangilia. Sisemi kwamba mpira ulimaliza vita. Haukumaliza. Nasema tu kwamba watu wale wale wanaouliza babu yako alizikwa wapi, mpira ukiwa umeingia golini hawaulizi.

Turudi kwenye safari yake. Mwaka 1993 Burundi iliingia katika vita baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye. Katikati ya miaka ile ya 1990 kijana Nonda alikuwa Dar es Salaam, akivaa jezi ya kijani na manjano ya Young Africans, ile tunayoiita Yanga. Kutoka hapo akaenda Afrika Kusini, katika timu ya Vaal Professionals. Hiyo siyo timu iliyojulikana duniani. Nataka vijana mlitie hili moyoni: hakuna ndege iliyomtoa Bujumbura na kumtupa Monaco. Alipita Dar es Salaam, akapita Afrika Kusini, na kila mahali alicheza kweli, mbele ya watu, katika ligi inayoandikwa. Mtu akitaka kumjua, angeweza kuuliza alifunga mara ngapi na wapi.

Mwaka 1996 akafika Uswisi, FC Zürich. Alikuwa na miaka 19. Fikirini baridi ya Zürich kwa mtu aliyetoka kwenye joto la ziwa hili, na watu wanaosema Kijerumani. Msimu wa 1997-98 alifunga magoli 24, akawa mfungaji wa kwanza wa ligi ya Uswisi. Mwaka 1998 akahamia Ufaransa, Rennes. Mwaka 2000 Monaco ikamnunua kwa feza nyingi sana, akachukua nafasi ya David Trezeguet aliyekuwa amekwenda Italia. Msimu wa 2002-03 alifunga magoli 26 katika ligi, akawa mfungaji wa kwanza wa Ufaransa nzima. Monaco ilimaliza ya pili, pointi moja nyuma ya Lyon, ikachukua Kombe la Ligi.

Mtu angeweza kusema: basi, amefika, sasa atulie. Hapo ndipo mwanzoni mwa msimu uliofuata alipoumia goti, vibaya sana. Miezi mingi hakucheza. Na timu haingoji mtu. Monaco ilimwazima Fernando Morientes kutoka Real Madrid, naye akafunga mpaka Ulaya nzima ikashangaa. Sasa mjiweke mahali pa Nonda. Mwaka jana ulikuwa wa kwanza katika nchi nzima. Mwaka huu umelala na goti limefungwa, na mgeni anafanya kazi yako, tena anaifanya vizuri. Huwezi kumchukia, maana hakukuibia kitu. Huwezi kufurahi pia.

Alirudi wakati msimu unakaribia kwisha. Tarehe 20 Aprili 2004 Monaco ilicheza na Chelsea, nusu fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Mchezaji mmoja wa Monaco, Zikos, alitolewa kwa kadi nyekundu, wakabaki watu kumi. Wakiwa kumi vile, Morientes akafunga. Nonda akaingizwa kutoka kwenye benchi, na muda mfupi baadaye akafunga la tatu. Ikawa 3-1. Kwenye mchezo wa kurudiana London walitoka sare ya 2-2, wakaingia fainali. Fainali waliipoteza mbele ya Porto, 3-0, kule Gelsenkirchen. Nonda aliingia tena kutoka kwenye benchi, ila siku ile mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika.

Mimi napenda goli lile la Chelsea kuliko magoli 26 ya mwaka uliotangulia. Magoli 26 ni ya mtu aliyekuwa na nafasi yake. Goli la Chelsea ni la mtu aliyekuwa ameipoteza nafasi, akakaa miezi akimtazama mwingine, akaingia kwa dakika chache na kufanya kazi iliyomleta. Wengi mlio hapa mlikuwa na duka, mlikuwa na shamba la mihogo, mlikuwa walimu wenye kalasi zenu. Mnaelewa ninachosema bila mimi kuongeza.

Baada ya hapo safari iliendelea. Mwaka 2005 akaenda Roma. Mwaka 2006 Roma ikamwazima kwa Blackburn, Uingereza. Mwaka 2007 akaenda Galatasaray, kule Istanbul, akakaa mpaka 2010. Galatasaray ilichukua ubingwa wa Uturuki mwaka 2008, na katika mwezi wa Aprili mwaka ule ndiye aliyefunga goli moja la pekee walipoishinda Fenerbahçe, jirani yao na adui yao wa miaka yote. Watu wa Istanbul hawalisahau goli la namna hiyo, hata la mtu aliyepita tu.

Hesabuni: kutoka Yanga mpaka Galatasaray ni timu nane, ligi za nchi saba. Kiswahili, Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano, Kituruki. Huyo ndiye aliyefanikiwa.

Sasa niwaeleze kidogo kazi ya mshambuliaji wa namna hii, maana vijana wanaona jezi tu. Mlinzi akicheza vibaya dakika themanini, anaweza kujificha nyuma ya wenzake. Mshambuliaji hawezi. Kazi yake inahesabiwa kwa kidole kimoja: umefunga au hukufunga. Mkataba wake, ile tunaita kontra, ni wa miaka miwili, mitatu, minne. Ukikaribia kwisha, analala akiwaza. Akikosa magoli, anaazimwa. Kuazimwa maana yake ni kwamba wewe ni mali ya timu hii, lakini unakwenda kufanya kazi kule, na mwisho wa mwaka hujui kama utabaki, utarudi, au utatumwa mahali pa tatu. Wakimbizi wa ndani, je, hamjui maisha ya namna hiyo? Ila yeye analipwa, hiyo ni kweli, na tofauti hiyo si ndogo.

Na kuna jambo lingine ambalo mtu asiyecheza halioni. Mshambuliaji hawezi kujipa mpira. Anaweza kuwa na mbio, anaweza kuwa na kichwa, lakini asipopewa pasi anakimbia bure kama mbwa sokoni. Na mgeni anapofika katika timu, juma la kwanza na la pili hapewi. Siyo kwamba wenzake ni watu wabaya. Wanampa yule waliyemzoea. Mguu wenyewe unapeleka mpira kwa rafiki kabla kichwa hakijafikiri. Mgeni anainua mkono, anaita, mpira unakwenda upande mwingine. Halafu timu inashindwa, na wa kwanza kulaumiwa ni nani? Ni yule mgeni wa mbele, «tulimleta afunge, hakufunga».

Wakubwa wa mitaa, hapa naomba masikio yenu. Kuku akipotea mtaani, jina gani linatajwa kwanza? Mnalijua, nami nalijua.

Kwa hiyo mimi nafanya hivi na vijana wangu, na waongozaji wa timu nyingine wanaweza kujaribu. Siku ya mchezo namkalisha kijana mmoja pembeni na daftari. Hahesabu magoli. Anahesabu mara ngapi mtoto wa kambini amepewa mpira na mtoto wa mtaani, na mara ngapi mtoto wa mtaani amepewa na mtoto wa kambini. Mchezo ukiisha tunasoma hesabu mbele ya wote. Simtukani mtu. Nasoma tu. Mara ya kwanza wanacheka, kisha wananyamaza, maana hesabu inaonyesha timu mbili ndani ya jezi moja. Juma linalofuata hesabu inaanza kubadilika, kwa sababu hakuna kijana anayetaka jina lake lisomwe vile. Kuna watu wanaofikiri kwamba ukichanganya watoto kwenye uwanja mmoja, basi amani imekuja. Haiji hivyo. Unaweza kucheza na mtu mwaka mzima usimpe mpira.

Tena tusifikiri kwamba sisi daima ndio tunaopokelewa na wengine. Kongo pia imepokea. Mbwana Samatta alitoka Tanzania, akafika Lubumbashi mwaka 2011, kijana mdogo, akaingia TP Mazembe. Lugha haikumsumbua, maana Lubumbashi wanasema Kiswahili, hata kama Watanzania wanakicheka kidogo Kiswahili chetu. Walimpa mpira. Mwaka 2015 Mazembe ilichukua kombe la mabingwa wa Afrika, na Samatta alifunga katika michezo yote miwili ya fainali dhidi ya USM Alger. Mwezi wa Januari 2016 alipewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wale wanaocheza ndani ya Afrika, akaenda Ubelgiji, Genk. Mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi kuu ya Uingereza, na Aston Villa. Kutoka hapo Uturuki, Ubelgiji tena, Ugiriki. Naye ni wa kuhama-hama. Lakini Lubumbashi ndipo alipopata jina, na watu wa Lubumbashi walipata kombe. Nani alipoteza hapo?

Nitawaambia habari ya mwingine, ambayo si tamu sana, kwa sababu sitaki mtoke hapa mkifikiri mambo yote huishia kwenye kombe. Saido Berahino alizaliwa Bujumbura mwaka 1993, mwaka ule ule wa vita. Baba yake alikufa katika vita hivyo. Mama yake alifika Uingereza, na mtoto akamfuata akiwa na miaka kama kumi, katika mji wa Birmingham, bila kujua Kiingereza. Mpira ndio ulikuwa mdomo wake. Alikua katika timu ya West Bromwich Albion, na msimu wa 2014-15 alifunga magoli 14 katika ligi kuu. Novemba 2014 aliitwa kwenye timu ya taifa ya Uingereza, ingawa hakuingizwa uwanjani.

Kisha mambo yakaenda vibaya. Alitaka kuhama, timu ikakataa, wakagombana. Baadaye alihamia Stoke City, na huko magoli yakakauka. Kutoka Februari 2016 mpaka Agosti 2018 hakufunga hata goli moja katika mchezo rasmi. Zaidi ya siku 900. Mshambuliaji, siku mia tisa. Katika muda ule watu walimcheka kwenye magazeti, wakahesabu siku zake kama mtu anavyohesabu deni la mwingine. Baada ya hapo alichagua kuichezea Burundi, na mwaka 2019 Burundi ilipofika Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, kule Misri, yeye ndiye aliyekuwa kapteni. Akacheza Ubelgiji, akarudi Uingereza katika ligi ya chini, akaenda Kupro. Wengine wanamwita mtu aliyeharibu bahati yake. Mimi siwezi kusema hivyo kwa ulimi mwepesi. Mtoto aliyepoteza baba vitani anabeba kitu, na kitu hicho hakitoki kwa sababu amelipwa vizuri. Mama zetu mnaowaona watoto wenu wakipiga kelele usiku, mnajua.

Ila angalieni jambo hili katika habari ya Berahino. Mtoto yule hakupelekwa Ulaya na mtu wa mpira. Alikwenda kwa mama yake. Mpira ulimkuta huko huko. Tofauti hii ndiyo inayoniingiza kwenye jibu nililowaahidi.

Kanuni za FIFA, tangu mwaka 2001, zinakataza kumhamisha mchezaji kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla hajatimiza miaka 18. Kuna ruhusa chache. Moja ni kama wazazi wamehamia nchi nyingine kwa sababu isiyo ya mpira. Nyingine ni kwa mtoto aliyekimbia nchi yake kwa sababu ya maisha yake kuwa hatarini. Nyingine tena, na hii inatugusa sisi watu wa mpakani, ni kwa mtoto anayeishi nyumbani kwao, si zaidi ya kilometa 50 kutoka mpakani, na timu ya ng'ambo nayo iko si zaidi ya kilometa 50 kutoka mpaka huo, na mashirikisho ya nchi zote mbili yanakubali. Maana yake kijana wa Uvira anaweza kucheza Bujumbura akirudi kulala kwa mama yake. Hilo ni halali. Lakini mtu akikuambia atamchukua mtoto wako wa miaka 15 na kumpeleka timu ya Uturuki au ya Ufaransa, timu hiyo haina ruhusa ya kumwandikisha. Basi anakwenda kufanya nini huko?

Na hata akiwa na miaka 18. Mchezaji anapohama nchi, lazima shirikisho la nchi anayotoka litume cheti cha uhamisho kwa shirikisho la nchi anayokwenda. Kwetu ni FECOFA. Kanuni hiyo inawahusu hata watoto, kuanzia miaka 10. Mtu anayesema «tutafanya karatasi kule kule» anadanganya. Tena, tangu mwaka 2023 FIFA inataka wakala awe amefaulu mtihani na kupata leseni, na majina ya wenye leseni yako kwenye intaneti, mtu yeyote anaweza kutazama. Mwombe jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti. Akikasirika, umekwisha kupata jibu.

Na juu ya feza: timu inayomtaka mchezaji kweli haimwombi mama yake dola. Zürich ilimtaka Nonda kwa sababu alikuwa anafunga. Hakuna aliyeuza mbuzi ili Zürich imkubali.

Najua familia moja iliyouza. Walikuwa wamekwisha kukimbia mara mbili, walichobaki nacho ni mabati waliyoyabeba na mbuzi wawili. Mtu alileta barua yenye picha ya timu ya Uturuki, muhuri mwekundu, kila kitu kizuri. Wakauza. Kijana akafika Dar es Salaam, akaambiwa angoje visa katika nyumba moja pamoja na vijana wengine tisa. Akangoja miezi minne. Yule mtu akabadilisha namba ya simu. Kijana alirudi kwa kubeba mizigo bandarini mpaka akapata nauli ya meli, na aliporudi alikaa siku nyingi bila kutoka nje, kwa haya. Mabati hayakurudi. Mvua ile ya Novemba mama yake aliipokea chini ya shitingi.

Habari kama hizi ziko nyingi katika Afrika. Mkameruni mmoja aliyekuwa mchezaji, Jean-Claude Mbvoumin, alianzisha shirika kule Paris mwaka 2000 kwa sababu ya vijana kama hawa, waliotupwa njiani baada ya kujaribiwa na kukataliwa. Linaitwa Foot Solidaire. Watoto wanaona haya kurudi nyumbani kwa sababu familia nzima ilitoa feza. Haya ndiyo inayowafunga huko, kuliko ukosefu wa tiketi. Kwa hiyo baba, ukisikia kijana wako amekwama mahali, neno la kwanza kwenye simu lisiwe juu ya mbuzi.

Sasa kwa wakubwa na waongozaji wa timu. Mnasema tusiwakatie vijana tumaini. Sikatai. Lakini tumaini linataka daftari. Mchezaji anapouzwa kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, kanuni inasema asilimia 5 ya bei igawanywe kwa timu zilizomlea tangu miaka 12 mpaka 23. Chukueni mfano wa bei ya dola 1,000,000. Dola 50,000 zinagawanywa. Kila msimu aliokaa na timu akiwa na miaka 12 mpaka 15, timu hiyo inapata dola 2,500. Kila msimu wa miaka 16 mpaka 23, dola 5,000. Timu ya mtaani iliyomlea kijana misimu mitatu inaweza kujenga uwanja wenye uzio. Lakini inalipwa timu iliyoandikishwa, na mchezaji ambaye jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na misimu yake vimeandikwa. Timu isiyo ndani ya Entente ya mji au ya eneo haionekani. Na vijana wa kambini wengi hawachezi katika timu iliyo ndani ya Entente, kwa sababu mtu anasema, «hawa watarudi kwao, tuwaandikishe kwa nini?»

Waandikisheni. Kama mtoto atarudi kwao Minembwe, au Itombwe, au Fizi milimani, arudi na karatasi inayosema alicheza hapa misimu miwili. Haiwagharimu kitu kikubwa. Na tarehe ya kuzaliwa iwe ya kweli. Kuna waongozaji wanaopunguza miaka ya watoto ili washinde makombe ya vijana. Siku kijana huyo atakapotakiwa mahali pa maana, karatasi tatu zitasema miaka mitatu tofauti, na mlango utafungwa. Watoto wengi wa kambini hawana cheti cha kuzaliwa, kilibaki ndani ya nyumba iliyoungua au hakikuandikwa kamwe. Hilo linataka chefu, linataka ofisi ya etasivili, linataka mahakama wakati mwingine. Mimi mwalimu wa mpira siwezi. Ninyi mnaweza.

Vijana, kwenu nina maneno machache tu, maana mnanisikia kila siku. Shule asubuhi, mpira jioni. Goti la Nonda liliumia akiwa na miaka 26, akiwa na madaktari wa Monaco. Lako likiumia hapa, daktari ni mimi na barafu ya mwuza samaki.

Kabla ya maulizo, mambo mawili. Daftari la kuandikisha liko pale kwa mama mwenye kitambaa cha bluu. Mzazi aje mwenyewe, asimtume mtoto. Na wewe chefu, uwanja huu Jumamosi asubuhi unatumika kwa soko la mbuzi. Naomba utuambie hapa, mbele ya watu wote, kama tunaweza kuupata kuanzia saa tisa.